Ukitoka na Aproni Safi, Umepunjwa: Mwongozo wa Kuchagua Darasa la Mapishi Seoul

Ndugu msafiri, umefika Seoul. Umeshapiga picha mbele ya kasri la Gyeongbokgung ukiwa na vazi la jadi la kukodi, hanbok. Umeshakula nyama ya kuchoma inayokatwa kwa mkasi palepale mezani. Sasa roho inataka jambo moja tu: urudi kwenu ukijua kupika ulichokula. Tamaa hiyo ni njema na nakupongeza kwayo. Chakula cha kununua kinaisha siku hiyohiyo, lakini chakula unachojua kukipika umekihamishia kwenu.

Tatizo ni kwamba madarasa yamejaa tele, hasa pande za Insadong, Bukchon na Hongdae, na kila tangazo lina picha ileile: wageni wanane wenye aproni za rangi moja, wanacheka, mbele yao bakuli la bibimbap, ule wali wa mboga, lenye kiini cha yai katikati kama jua la magharibi. Picha haikuambii nani alikata karoti. Usione vyaelea, vimeundwa. Kazi yako ni kujua kama wewe utakuwa miongoni mwa waundaji au miongoni mwa watazamaji.

Naandika mwongozo huu kwa sababu katika darasa langu la kwanza nilikaa tu, na katika la pili nilisimama nikafanya kazi. Katika la kwanza tulikuwa watu wengi kwenye meza ndefu. Mboga zilikuwa zimeshakatwa, mchuzi umeshachemka, wali umeshaiva. Tulipanga vitu kwenye bakuli, tukapigwa picha, tukapewa cheti. Aproni yangu niliivua ikiwa safi kama nilivyoivaa. Nilikasirika kwa siku mbili, na bado nikikumbuka naona nilidhulumiwa kitu kikubwa kuliko pesa. Katika la pili, mama mmoja mtu mzima alinishika kiganja, akanionyesha namna ya kukamua maji kwenye mchicha, akaonja, akatikisa kichwa, akaniambia nikamue tena. Mchicha ule nakumbuka ladha yake mpaka leo.

Wakorea wana neno la jambo hili: *son-mat*. *Son* ni mkono, *mat* ni ladha. Ladha ya mkono. Ndiyo maana akina dada wawili wakitumia kabichi moja, chumvi moja na pilipili moja, bado kimchi zao hazilingani. Mtu aliyekulia jikoni kwa bibi yake, Tanga au Mwanza, hahitaji neno hili litafsiriwe. Nami nalifanya msingi wa kila kanuni hapa chini: darasa lililo zuri ni lile ambalo mkono wako unafanya kazi, unakosea, na unasahihishwa.

Kanuni ya kwanza: Hesabu majiko kabla ya kuhesabu pesa

Itazame tena ile picha ya tangazo, safari hii usiangalie nyuso. Angalia meza. Kuna majiko mangapi ya gesi? Mbao za kukatia ni ngapi? Jiko moja na ubao mmoja kwa watu wawili ni sawa, mtapokezana. Jiko moja kwa watu kumi ni sinema, na sinema ina bei yake nafuu zaidi mahali pengine.

Kisha waandikie wenye darasa uwaulize maswali manne. Kuuliza si ujinga, na mwenye darasa zuri hufurahi kuulizwa:

Je, nitapika chakula changu mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho? Mtakuwa mmeshaandaa nini kabla sijafika? Wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja? Nikikosea, kuna muda wa kurudia?

Jibu la swali la pili ndilo litakalokuambia kila kitu. Kuna vitu ambavyo ni haki viandaliwe mapema, nitavieleza kwenye kanuni ya tatu. Lakini mwalimu akikujibu kwamba mboga zitakuwa tayari zimekatwa "ili usichoke", mshukuru na utafute kwingine. Umesafiri mpaka Korea, kuchoka umeshachoka.

Kanuni ya pili: Chagua chakula kwa kazi yake, usichague kwa sura yake

Bibimbap ni nzuri kwa macho, na hapo ndipo msafiri anaponaswa. Anadhani somo liko kwenye kupanga rangi. Somo liko kwenye *namul*, yaani zile mboga ndogondogo zinazowekwa juu ya wali. Mchicha wa Kikorea unachovywa katika maji yanayochemka kwa muda mfupi sana, unapoozwa kwa maji baridi, unakamuliwa kwa mkono, kisha unachanganywa kwa vidole na kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na chumvi au sosi ya soya. Ukikamua kidogo, unabaki na maji na viungo vinateleza. Ukikamua sana, unabaki na kamba. Kati ya hapo kuna sehemu ndogo ambayo kitabu hakiwezi kukuonyesha. Kwa hiyo, darasa la bibimbap linalokufundisha namul tatu au nne ni darasa. Linalokukabidhi namul kwenye vibakuli, ukachanganya tu, ni mgahawa unaokuagiza ujihudumie.

Kwa kipimo hichohicho, vyakula vifuatavyo vinastahili nauli yako.

*Japchae*, tambi zinazong'aa zilizotengenezwa kwa wanga wa viazi vitamu. Siri yake ni subira: karoti inakaangwa peke yake, uyoga peke yake, kitunguu peke yake, mchicha unachemshwa peke yake, ndipo vyote vikutane na tambi. Mwalimu akimwaga vyote kwenye kikaango kimoja kwa pamoja, amekatisha njia.

*Doenjang jjigae*, mchuzi mzito wa soya iliyochachuliwa. Hapa msomaji wa Kigoma au Kisumu atajisikia nyumbani, maana supu yake huanzia kwa dagaa wakavu, wanaoitwa *myeolchi*, pamoja na kipande cha mwani mpana mkavu. Dagaa wakubwa hutolewa kichwa na matumbo kwanza ili supu isiwe chungu. Wapishi wengi hutumia pia maji waliyooshea mchele, kwa sababu wanga uliomo huupa mchuzi uzito na kulainisha harufu kali ya doenjang. Ukiona mwalimu anahifadhi maji ya mchele badala ya kuyamwaga, tulia hapo, umefika.

*Gimbap*, wali unaoviringishwa ndani ya mwani. Inaonekana kama ya Wajapani, ila wali wake hupakwa mafuta ya ufuta na chumvi pale ambapo wa Kijapani hutiwa siki. Kila mtu lazima aviringishe gimbap yake, kwa mkeka wake wa mianzi. Ya kwanza itafumuka. Ya tatu itasimama. Darasa linalokupa moja tu limekuacha palepale ilipofumukia.

*Bindaetteok*, chapati nzito ya choroko. Naam, choroko hizihizi tunazounga kwa nazi. Zinalowekwa, zinasagwa mbichi, zinachanganywa na mboga na kukaangwa kwa mafuta mengi. Ukijifunza hii, hutakosa hata kitu kimoja ukirudi.

*Tteokbokki*, vile vipande vya unga wa mchele katika rojo jekundu la pilipili, navipenda kama unavyovipenda. Lakini ni chakula cha dakika ishirini, cha kandokando ya barabara. Kikiwa sehemu ya darasa, kubali. Kikiwa ndicho darasa zima, kanunue kibandani ule umesimama, ndivyo kinavyoliwa.

Kanuni ya tatu: Kabichi haiendeshwi mbio

Sasa tuongee habari ya kimchi kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapopunjwa, na mara nyingine bila mtu kukusudia.

Kimchi ya kabichi ya Kichina ina safari ndefu. Kabichi inapasuliwa, inatiwa chumvi ya bahari ya mawe kati ya jani na jani, hasa kwenye shina lililo nene, kisha inaachwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Inageuzwa. Inaoshwa mara kadhaa. Inachujwa maji mpaka ikauke. Wakati huo unapikwa uji mwepesi wa unga wa mchele wenye kunata, uji kabisa kama wetu, ambao kazi yake ni kushikiza viungo na kuwalisha bakteria. Uji ukipoa hutiwa *gochugaru*, ile pilipili nyekundu iliyosagwa chengachenga, pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, uduvi uliotiwa chumvi, mchuzi wa samaki waliochachuliwa, figili na vitunguu majani. Ndipo rojo hilo linapopakwa jani moja baada ya jingine.

Darasa la saa mbili haliwezi kukupitisha njia yote hiyo. Kwa hiyo kabichi utaikuta imeshalowa chumvi, na hilo silo kosa. Kosa ni kunyamaza kuhusu hizo saa ulizozikosa. Mwalimu mwaminifu atakuwa na kabichi moja mbichi ya kukuonyesha, atakufundisha wapi pa kuweka chumvi, kisha atakupa ile iliyolala usiku na kukwambia: kunja shina. Shina la kabichi iliyotiwa chumvi sawasawa hukunjika bila kuvunjika. Likivunjika kwa mlio, bado. Hicho ni kipimo cha mkono, na peke yake kinalipa nusu ya ada.

Darasa fupi lenye akili mara nyingi hukufundisha *geotjeori*, kimchi mbichi inayoliwa siku hiyohiyo, nduguye kachumbari. Inaonjwa palepale, kwa hiyo unasahihishwa palepale. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya kimchi ambayo hutaionja na geotjeori utakayoila mezani, chukua geotjeori.

Na mwalimu akueleze kinachotokea baada ya darasa. Kimchi ni kitu hai. Bakteria wa asidi ya laktiki, wa jamaa hiyohiyo inayochachua togwa, mtindi na mursik, huendelea na kazi ndani ya chombo na kutoa gesi. Ndiyo sababu chombo hakijazwi hadi juu, na ndiyo sababu begi la msafiri aliyejaza hadi juu hufunguliwa kwa huzuni.

Kanuni ya nne: Anza sokoni

Darasa linaloanzia sokoni lina faida kubwa kuliko linaloanzia mezani. Chakula cha Korea kimejengwa juu ya vitu vitatu vilivyochachuliwa: *ganjang*, ambayo ni sosi ya soya; *doenjang*, rojo la soya; na *gochujang*, rojo la pilipili. Kwa pamoja huitwa *jang*. Soya huchemshwa, hupondwa, hufinyangwa kuwa matofali yaitwayo *meju* na kuachwa yachachuke na kukauka. Matofali hayo yakilowekwa katika maji ya chumvi ndani ya mitungi ya udongo, baada ya miezi maji huwa ganjang na kinachobaki huwa doenjang. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huu wa kutengeneza jang katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Ukiyajua haya, sokoni hutapita ukitazama rangi tu. Utamwomba mwalimu akuonjeshe doenjang mbili, ya kiwandani na ya mtungini, na ulimi wako utaelewa kwa sekunde tatu kile ambacho ningekiandika kurasa tatu. Gwangjang, soko la Seoul lililoanza mwaka 1905, ni zuri kwa bindaetteok na kelele. Soko la Mangwon lina wakazi wanaonunua chakula cha jioni, na hilo ni jambo jema: mwalimu anayekupeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hununua mboga anakufundisha hata akiwa amenyamaza.

Lakini chunga. Ziara ya soko ya saa nzima, yenye vituo vya kupiga picha, halafu dakika arobaini za mapishi, ni ziara iliyovaa aproni. Soko liwe nusu saa, lizae vitu mtakavyovipika.

Kanuni ya tano: Mtafute *imo*

Katika migahawa ya kawaida ya Korea, wateja humwita mama anayehudumu *imo*, yaani mama mdogo, dada yake mama. Ni kama sisi tunavyomwita "mama" yule anayetuuzia wali maharage, bila kujali kama tunamzidi umri. Ninapokuambia umtafute imo, nina maana hii: mtafute mwalimu aliyepika kwa ajili ya watu wenye njaa kabla hajapika kwa ajili ya wageni wenye kamera.

Hahitaji kuwa mzee. Hahitaji kuongea Kiingereza chepesi. Wengi wa walimu bora huwa na mkalimani, au wana maneno mia moja tu ya Kiingereza na wanayatumia yote. Utamtambua kwa dalili tatu. Ya kwanza, hupima kwa jicho na kwa kiganja, kisha hukuambia sababu. Ya pili, huonja mara kwa mara na kukulazimisha uonje na wewe, kwa sababu chumvi ya jana si chumvi ya leo. Ya tatu, hukutoa kisu mkononi, akakuonyesha, halafu akakirudisha mkononi mwako. Hapo kwenye kukirudisha ndipo penye thamani. Anayekitoa akamalizia mwenyewe anaokoa muda wake, anayekirudisha anakuheshimu.

Mwite *seonsaengnim*, mwalimu, na umpokelee kitu kwa mikono miwili. Watu waliolelewa na shikamoo hawatapata tabu hapa.

Kanuni ya sita: Uliza kilichomo kabla hujakaa

Wasomaji wetu wengi ni Waislamu, na wengine wana miiko yao ya afya au ya dini. Hili lisemwe wazi siku ya kuweka nafasi, wala usingoje siku ya kula.

Nguruwe hujulikana: yumo kwenye *mandu* nyingi (vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani), kwenye michuzi ya kimchi, na kwenye soseji ya ndani ya gimbap. Siku ya kutengeneza kimchi nyingi ya majira ya baridi, desturi ni kula kimchi hiyo mpya na nyama ya nguruwe ya kuchemsha, kwa hiyo ukialikwa, sema mapema. Pombe ndiyo hujificha. Mvinyo wa mchele au soju hutiwa kwenye nyama na samaki ili kuondoa shombo, na gochujang nyingi za kiwandani huongezwa kileo kidogo ili zisiendelee kuchachuka kwenye kopo. Muulize mwalimu akuonyeshe kopo lenyewe na maandishi yake. Kuna zenye alama ya halali. Pande za Itaewon, karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, kuna maduka yanayouza vitu hivyo na watu watakaokuelekeza kwa moyo mmoja.

Asiyekula samaki ajue kwamba kimchi ya kawaida ina uduvi au samaki, hata ikionekana mboga tupu. Kwa huyo, na kwa yeyote anayetaka kujifunza kitu adimu, nashauri mlango mwingine: chakula cha mahekalu ya Kibuddha. Hakina nyama wala samaki, na hakina jamii ya vitunguu, hata kitunguu saumu. Mpishi aliyenyang'anywa kitunguu saumu inambidi ajue uyoga, ajue mwani, ajue jang yake ina miaka mingapi. Mtawa Jeong Kwan, wa hekalu la Baekyangsa huko Jeolla Kusini, alijulikana duniani mwaka 2017 kupitia mfululizo wa filamu wa Chef's Table, wakati hana mgahawa hata mmoja. Mjini Seoul penyewe madhehebu ya Jogye yana kituo cha chakula cha hekalu chenye madarasa kwa wageni. Ukipata nafasi huko, ahirisha mambo mengine.

Kanuni ya saba: Sikiliza msimu, na usiogope kutoka Seoul

Ukiweza kuchagua mwezi, chagua mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba. Huo ndio wakati wa *kimjang*, familia na majirani wanapokutana kutengeneza kimchi ya majira yote ya baridi, wakiwa na glavu nyekundu za mpira hadi kwenye viwiko, wakilishana majani kwa mikono. UNESCO iliitambua kimjang ya Korea Kusini mwaka 2013, na mwaka 2015 ikaitambua desturi ya kimchi ya Korea Kaskazini. Nchi imegawanyika, kabichi haikukubali kugawanyika. Siku moja ya kimjang, hata kama kazi yako ni kubeba beseni, itakufundisha kuliko madarasa matatu ya Julai, kwa sababu utaona kimchi ikigawiwa. Sehemu ya kinachotengenezwa siku hiyo huwa ina mlango wa jirani inapokwenda.

Ukiwa na siku mbili za ziada, panda treni ya kasi hadi Jeonju, chini ya saa mbili kutoka Seoul. Mji huo umekuwa kwenye mtandao wa UNESCO wa miji ya mapishi tangu mwaka 2012, na watu wake huongea kuhusu bibimbap kama Wazanzibari wanavyoongea kuhusu urojo: kila mtu ana msimamo. Asiye na siku za ziada ana jumba la makumbusho la kimchi, Museum Kimchikan, palepale Insadong. Nenda ukaangalie aina za kimchi kabla ya darasa, ili ukaingie jikoni na maswali.

Kanuni ya nane: Ukishaingia, simama kama mwanafunzi

Umeshachagua vizuri. Sasa usiliharibu mwenyewe. Darasa kama ni saa nne asubuhi, fika robo saa kabla, hujashiba. Vua pete. Simu iweke mfukoni mpaka chakula kiive; picha ya mkono wako wenye pilipili huwezi kuipiga kwa mkono wenye pilipili, na hiyo ni dalili njema.

Chukua kazi ambayo wengine wanaikimbia. Kumenya vitunguu saumu, kuwatoa dagaa matumbo, kuosha mchele mara ya tatu: hapo ndipo mwalimu anapozungumza habari za mama yake, na hapo ndipo mapishi yenyewe yanapokaa. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.

Onja kila hatua, hata kabla chumvi haijaingia. Andika kwa lugha ya mkono wako: "kiganja kimoja", "hadi linukie kama karanga", "shina likunjike". Gramu utapewa kwenye karatasi. Hayo mengine hayamo kwenye karatasi.

Kabla ya kula sema *jal meokgesseumnida*, nitakula vizuri. Mngoje mkubwa aanze. Wali wa bakuli huliwa kwa kijiko, vijiti ni vya kitoweo. Baada ya kula sema *jal meogeosseumnida*, nimekula vizuri, na ukimaliza osha chombo hata ukiambiwa uache. Ukiambiwa mara ya pili, acha.

Kanuni ya tisa: Mtihani uko kwenu

Cheti watakachokupa ni cha kuning'iniza. Mtihani ni chakula cha kwanza utakachopika nyumbani, na nakuomba ukifanye ndani ya wiki moja, kabla mkono haujasahau.

Usijitetee kwamba vitu havipatikani. Kabichi ya Kichina inauzwa kwenye masoko na maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi. Ukiikosa, hii yetu ya mviringo inakubali chumvi vilevile. Chumvi ya mawe tunayo, tangawizi tunayo, dagaa tunao, ufuta wa Lindi na Mtwara unasafiri mpaka nchi za nje. Uji usiseme. Pilipili yenyewe, huko Korea na huku pwani, wote tuliipokea kutoka Amerika kwa njia ya meli za zama za Wareno. Kimchi ya kale haikuwa nyekundu. Kilichobaki ni gochugaru na doenjang, navyo ni vyepesi begini, ili mradi uulize kwanza masharti ya forodha ya kwenu.

Halafu pika kwa ajili ya mtu asiyewahi kufika Korea. Mama, jirani, shemeji. Usimsimulie safari. Mpe kabichi aliyoilaza kwenye chumvi usiku kucha kwa maelekezo yako, mwambie akunje shina. Likivunjika, mwambie bado. Likikunjika, mshike kiganja, mwonyeshe pa kupaka rojo, chini kabisa kwenye mzizi wa jani ambapo wengi husahau. Atakosea. Mtoe kisu mkononi, mwonyeshe, kisha umrudishie.

Hapo utajua kama ulichagua darasa zuri. Na mkimaliza, tazameni aproni zenu.